Sindiria Mbili Kutengeneza Moja

Nelius alinitukana siku ya harusi yangu, na alinitukana kwa wimbo. Kama angenitukana na mdomo tu, ingeisha. Matusi ya mdomo inachoka. Aliyetukana anazeeka, waliosikia wanakufa, mnasahau. Lakini wimbo haizeeki. Wimbo inapewa watoto.

Mimi naitwa Ruguru. Nilizaliwa Mbeere, huko chini Kiambere, kabla maji ya dam ijae. Huko ni jua, ndengu na mbuzi. Shule niliona mpaka darasa la pili, kisha nikaambiwa mbuzi haziwezi kujichunga. Kailemia alikuja kununua ndengu, Mmeru wa Kibirichia, amevaa koti kwa lile jua lote, na mimi nikafikiri mtu mwenye koti ana akili. Nikaenda na yeye huku juu kwa baridi na viazi.

Mwili wangu ni mkubwa. Nasema mapema ndio tusisumbuane. Mgongo mpana, mabega kama ya mwanaume wa kupakia lori, tumbo iko, makalio iko. Lakini Mungu alipofika kifuani aliitwa mahali pengine. Matiti yangu ni madogo. Yalinyonyesha watoto na wakashiba, wote walikuwa wazito wa kubeba, kwa hivyo mimi sikuwa na neno na hayo. Neno lilikuwa la watu wengine.

Siku ya harusi nilivalishwa na dada ya Kailemia, huyo Nelius. Alikuwa amesoma, alikuwa anaenda kuwa mwalimu, na ndiye alileta sindiria. Mimi sikuwa nimewahi kuvaa. Kwetu tulikuwa tunafunga leso na tunaenda zetu. Nelius aliangalia mwili akaleta kubwa. Nilipovaa, kila kikombe ikabaki wazi, mkono mzima unaingia. Akapasua godoro ya mtoto, akatoa pamba, akajaza.

"Simama wima," aliniambia, "na usipumue sana."

Sasa huku Meru, wanawake wa upande wa bwana wanaimbianga bibi harusi. Ni mila. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na bibi harusi anachekwa kidogo. Anachekwa upishi, anachekwa kwao. Hiyo sikatai. Nilijua nitachekwa jua ya Mbeere na nilikuwa nimejitayarisha. Tukatoka kanisani, wakaniambia nicheze, nikacheza. Pamba moja ikapanda karibu na bega. Ingine ikashuka kwa tumbo. Nelius akaona. Ni yeye aliijaza na ni yeye aliimba. Kwa Kimeru inauma zaidi, lakini kwa Kiswahili ni hivi. Yeye alisema, "Kailemia ametuletea ghala!" Wanawake wakaitikia, "Ghala kubwa!" Akasema, "Tukafungua mlango tuone viazi!" Wakaitikia, "Hakuna kitu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwa nyasi. Bwana yangu alicheka. Kailemia na suti yake aliitikia "hakuna kitu" pamoja na wanawake, kinywa wazi, nikaona mpaka meno ya nyuma.

Na wimbo ikakaa. Ilikuwa tamu, ningefanya nini. Ikaimbwa kwa harusi ya ndugu ya Kailemia, na bibi yake alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia, lakini waliimba, na wakifika kwa "ghala" wote walikuwa wanageuka kuniangalia mimi. Ikaimbwa harusi ya kijana wangu Mutwiri. Jirani yangu Njoki, ambaye tunapakana shamba, ndiye alikuwa anaitikia kwa sauti kuliko wote, na kesho yake anakuja kuomba chumvi. Kuna watoto walikuwa wananiita Cucu Ghala, yaani Nyanya Ghala, wakifikiri ni jina langu la ubatizo.

Kailemia alipokufa nilisimama kaburini na kitu nilikumbuka ni hicho kinywa wazi. Watu walisema Mama Mutwiri amekaza roho. Sikuwa nimekaza kitu. Ukilalia mkono sana unakufa ganzi, unaweza kuufinya na usisikie. Nilikuwa hivyo mwili mzima, tangu zamani, hata kabla ya hiyo kifo. Walipomaliza kumwaga mchanga nilienda nikaangalia viazi, kwa sababu baridi ilikuwa imeanza kuchoma majani.

Lakini sindiria nilijifunza. Hiyo nilijifunza peke yangu na kwa hasira.

Mwanamke mnene wa matiti madogo hana duka. Muuzaji anakuona kutoka mbali anasema huyu ni mtu mnene, na kwa akili yake mnene ni mnene kila mahali. Anakuletea yenye vikombe ya kupimia mahindi. Ukichukua hiyo, mgongo unaenea sawa, lakini mbele inakunjamana kama maziwa iliyopoa ikishika ngozi. Ukichukua yenye vikombe zinakutosha, mgongo inakukata, nyama inamwagika juu na chini, na pale katikati ya kifua, mahali inatakiwa kulala kwa mfupa, inasimama hewani. Unavuta mikanda ya bega ndio utulize mbele, nyuma inapanda mpaka shingo. Jioni ukivua, mabega yana mifereji kama shamba la umwagiliaji.

Basi mimi nilikuwa nanunua mbili kutengeneza moja. Moja ndogo kwa sababu ya vikombe, moja kubwa kwa sababu ya mgongo. Nakata mgongo ya ile kubwa pamoja na kulabu zake, naunga kwa mbavu ya ile ndogo, napiga mshono wa kwenda na wa kurudi. Karwirwa, mama anauza mitumba ya ndani huko Gakoromone sokoni Meru, alikuwa ananiita Mama Mbili-Mbili. Alifikiri mimi ni mtu wa kupenda nguo.

Kisha kitinda mimba wangu akataka kuolewa.

Wawira alichukua mwili wangu wote, hakuacha hata mabega. Anafanya kazi ya ofisi Embu mjini, na huko ndiko alipata kijana anaitwa Nyaga, mtu mpole, sina ubaya na yeye. Tukapanga siku ya watu wa Embu kuleta mbuzi. Siku hizi vile inafanywa, msichana na wenzake wanafunikwa na leso kutoka kichwa mpaka miguu, wanasimama kwa laini, na kijana anapita akichagua bibi yake. Akikosea, faini ni mbuzi ingine. Akiwa anapita, wanawake wanaimba, wanamchanganya ama wanamsaidia. Na mwenye kuanzisha ni tata ya msichana, dada ya baba yake. Kwa hii boma hiyo ni Mwalimu Nelius.

Wawira alikuja wikendi kunisaidia kupanga. Tulikuwa jikoni tukichambua viazi za mbegu.

"Mami, tata ataimba ile."

"Ataimba."

"Mimi nimefunikwa hapo, Nyaga anapita, na wao wanaimba ghala hakuna kitu. Si hapo atajua ni mimi?"

"Atajua."

"Na watu wao wote watajua."

"Watajua pia."

Aliweka kiazi chini. "Basi sitoki. Nakuambia mapema, Mami. Wakianza hiyo kitu navua leso, naingia nyumba, nafunga mlango. Nyaga arudi Embu na mbuzi zake. Kama ananitaka tutaandikiwa kwa ofisi ya serikali, watu wawili na karani."

Nilimwangalia. Alikuwa amevaa sindiria ya duka, ya sponji ngumu, na alipoinama kuchukua kiazi kingine, kikombe ilibaki imesimama peke yake kama mlango umesahauliwa wazi. Mtoto wangu alikuwa amevaa ile pamba ya godoro, ila hii ilishonwa na mashine.

"Hiyo ulinunua wapi?" nikamuuliza.

"Embu. Msichana wa duka aliniangalia tu akanipatia."

"Alikuangalia na nini?"

Alivuta blausi.

Nilienda Kaaga kuona Nelius. Amestaafu ualimu, ana nyumba ya mawe huko, karibu na hizo shule zao, na vitambaa za kushonwa na mkono kwa kila kiti. Alinipatia chai. Sikuegemea mgongo wa kiti.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba kitu kimoja. Usiimbe ile wimbo siku ya Wawira."

"Gani?"

"Unajua gani."

Alicheka. "Ghala? Wewe, Mama Mutwiri! Hiyo ni utani wa familia. Watu wakikuja kwetu wanaingojea."

"Msichana hataki."

"Msichana ndiye hataki, ama ni mama yake?" Alipuliza chai yake. "Nyinyi watu wa Mbeere jua iliwakausha mpaka kicheko. Si mimi nilikufanya ujulikane? Kama si hiyo wimbo, nani angekukumbuka kwa hii ukoo? Ungekuwa tu yule bibi ya Kailemia wa kutoka ndengu."

"Kwa hivyo utaimba."

"Mila si yangu nikatae," alisema. "Ongeza sukari."

Nilimaliza chai kwa sababu ilikuwa imemiminwa kwa kikombe, nikaondoka. Njiani sikulia na sikukasirika. Nilifikiri kitu moja tu. Kama siwezi kufunga mdomo yake, naweza kuvalisha mtoto. Akisimama mbele ya hao watu, nguo isimcheke. Hiyo naijua. Hiyo sihitaji kuomba mtu.

Siku ya soko nikachukua Wawira na wale watafunikwa na yeye. Alikuwa na rafiki yake wa ofisi, Joyline, na wasichana wengine wa kwetu, wote watu wa miili, kwa sababu huwezi kuficha mnono katikati ya wembamba. Njoki pia alikuja. Hakuitwa. Alisema anaenda soko tu na njia ni moja.

Karwirwa alikuwa amefungua mtumba mpya, wanawake wamejaa wakitafuta kamera, yaani zile safi za kwanza kabla zichaguliwe. Akaona Wawira.

"Huyo ni wa arobaini na nne D. Naona na macho!"

"Macho yako pimia viazi," nikamwambia. "Leta tepu."

"Mama Mbili-Mbili, kwani huniamini?"

"Sikuamini. Leta."

Nyuma ya kibanda amefunga leso kwa kamba, ndiyo chumba ya kujaribia. Tukaingia na Wawira. Nikamwambia avue hiyo sponji, apumue pumzi yote nje, na nikapitisha tepu chini ya matiti, kwa ngozi, imelala sawa mbele na nyuma. Hiyo ndiyo namba ya mgongo, na ilikuwa namba kubwa, hakuna aibu, ni mgongo. Kisha nikapima juu ya chuchu, bila kukaza. Tofauti ilikuwa kidogo sana. Ile tofauti ndiyo kikombe. Mwili wote haihusiki.

"Arobaini na mbili," Karwirwa akasema akichungulia, "na kikombe ni B. Ati B? Mwili hii yote?"

"Sema polepole, soko yote inasikia."

"Sasa hiyo haikuji na mtumba, mama. Kuna arobaini na mbili za D, za E, mpaka za kulea ndama. Za B wazungu wanazimaliza huko kwao."

"Chimbua."

Akachimbua. Mimi pia nikachimbua. Kuna mambo unaangalia. Ubavu iwe pana, ndio ishike nyama ya kwapa na isijikunje. Nyuma kulabu ziwe tatu zikipandana, si moja. Kikombe isiwe ndefu ya kupanda mpaka koo, kwa sababu titi dogo halina kitu cha kujaza juu, hapo ndio mikunjo inaanza. Itafutwe ile imekatwa fupi, inapita katikati. Na usidanganywe na herufi. B ya mgongo mdogo na B ya mgongo mkubwa si kikombe moja. Namba ikipanda, kikombe inapanda nayo kimya kimya, kwa hivyo mnene akihama namba lazima ateremke herufi. Hiyo ilinichukua miaka na sindiria nyingi iliyokatwa bure.

Karwirwa alipata moja ya rangi ya chai, kuukuu kidogo lakini mpira wake ulikuwa bado unarudi ukivutwa. Nikaifunga kwa kulabu ya mwisho kabisa, ya nje, kwa sababu ikizoea itaregea na utahitaji mahali pa kusonga ndani. Nikamwambia Wawira ainamie mbele, ajitie vizuri kwa vikombe na mkono, asimame.

"Inua mikono."

Akainua. Haikupanda.

"Inama kama unavuna."

Akainama, akavuna viazi ya hewa. Kikombe ikaenda na yeye, ikarudi na yeye.

"Pumua."

Akapumua. Kulikuwa na kioo kidogo kimevunjika pembe. Akajiangalia hapo muda mrefu, akageuka upande, akageuka ule mwingine. Hakuwa na matiti makubwa. Alikuwa na yake, mahali pake.

"Mami," akasema, "sijavuta kitu tangu nivae. Huwa navuta nguo siku nzima."

"Najua," nikasema.

Joyline akasema na yeye apimwe. Akaingia, akageuka ukutani, akatoa sponji mbili kutoka kifuani, akaziweka kwa mkoba haraka. Hakuna mtu alicheka. Msichana wa pili akatoa soksi. Wa tatu hakuwa na kitu ndani, lakini vikombe zilikuwa zimekunjamana na mabega yake yana vidonda vya mikanda. Wakawa wanaingia mmoja mmoja wakitoka wakiangalia chini. Karwirwa alikuwa amenyamaza, na huyo hanyamazi hata kanisani.

Mwisho akabaki Njoki. Alikuwa amesimama akishika pazia.

"Na mimi," akasema.

"Kwani yako ina nini?"

"Inaregea."

Akaingia. Akaanza kutoa vitu. Kwa kikombe ya kushoto akatoa simu. Akatoa kitambaa ya pesa imefungwa fundo, akatoa funguo za stoo, akatoa karatasi ya matangazo ya kanisa imekunjwa. Kwa ya kulia akatoa leso ya pua, na dawa ya presha, na kipande ya sabuni.

"Wewe," Karwirwa akamwambia, "hiyo ni kifua ama ni kabati?"

"Sasa simu niweke wapi? Nikiwa shamba niweke kwa gumboot?"

Hapo hata mimi karibu nicheke. Sisi wote wa huku tunachaguanga sindiria hivyo. Unaingiza mkono, ukiona simu na kitambaa ya pesa inakaa, unasema imekutosha. Na kama kikombe ina nafasi ya simu, mama, si hiyo nafasi ilitakiwa kuwa na titi? Lakini Njoki alipomaliza kutoa kila kitu, vikombe zilianguka zote mbili, bapa, zikalala kwa tumbo. Na Njoki ni mnene kunishinda. Akajiangalia kwa kile kioo. Akaniangalia mimi ndani ya kioo.

Huyu ndiye alikuwa akiitikia "hakuna kitu" kwa sauti kuliko wote. Miaka yote. Na simu kifuani. Kabla ya simu kufika huku, sijui alikuwa anajaza nini.

"Mama Mutwiri," akaanza, "kumbe mimi pia..."

"Inua mkono," nikamwambia.

"Nilikuwa nataka kusema..."

"Nimekuambia inua mkono. Tepu inateleza."

Akainua. Nikampima. Alikuwa na namba kubwa kunishinda na kikombe A. Kwa mtumba yote hakukuwa na hiyo, wala haitakuwa. Nikachagua mbili, moja ya vikombe, moja ya mgongo, nikamwambia nitamshonea. Na nikamshonea. Niliwashonea wote ambao hawakupata, wiki yote, mbele ya nyumba jua likiwa bado, mgongo ya hii kwa mbavu ya ile. Njoki alikuja kuchukua yake akakaa kwa benchi, alitaka kuongea. Nikamwonyesha vile ya kufunga na nikaingia ndani. Kumshonea mtu nguo na kumsamehe ni kazi mbili tofauti na mimi nilikuwa na uzi ya moja.

Siku ikafika. Tulikodi hema na viti, na spika, kwa sababu siku hizi bila spika watu wanafikiri umefilisika. Watu wa Embu wakaja na mbuzi na blanketi na mitungi. Kulikuwa na ukungu, nao hawakuzoea, walikuwa wanajikunja kwa viti. Mimi nilikuwa kando na sufuria za chakula, kutoka hapo naona kila kitu.

Wakatoa wasichana wamefunikwa. Wote urefu karibu moja, upana karibu moja. Wamesimama wima. Nilijua Wawira ni yupi kwa sababu nilikuwa naona vidole vyake vimeshika pindo ya leso, vimekaza, tayari kuitupa. Alikuwa ananiambia ukweli jikoni. Mlango wa nyumba ulikuwa nyuma yake na alikuwa ameuacha wazi.

Gitobu, ndugu ya Kailemia, ndiye alikuwa anaongoza. Akasema, "Kijana, mali yako iko hapo. Chagua na akili, mbuzi za Embu si nyingi!" Watu wakacheka. Nyaga akaanza kutembea.

Nelius akasimama. Alikuwa amevaa suti ya kitambaa, kofia, miwani. Akachukua maikrofoni. Akaniangalia kwanza. Akatabasamu kama mwalimu anaangalia mtoto amekaa nyuma ya darasa.

Akaanzisha. "Kailemia ametuletea ghala!"

Spika ikapeleka mpaka kwa jirani. Vidole vya Wawira vikasonga.

Hakuna mtu aliitikia.

Nelius akacheka kidogo ndani ya maikrofoni. "Kwani hamjasikia? Ni baridi? Nasema, Kailemia ametuletea ghala!"

Kimya. Niliangalia wanawake. Wale wasichana wamefunikwa, kimya, leso hazisongi. Wale wamama wa kando walikuwa wanangoja Njoki, kwa sababu Njoki ndiye anashikaga sauti na wengine wanamfuata. Njoki alikuwa amekunja mikono kifuani. Simu alikuwa ameweka kwa kibeti, nilikiona kinaning'inia.

"Mwalimu," Njoki akasema, hakupandisha sauti, "hiyo hatuitikii. Anzisha ingine."

"Mbona? Si ni utani wetu?"

"Anzisha ingine."

Nelius akaangalia huku na huku. Akaangalia bibi ya Mutwiri wangu, huyo akainama kufunga mtoto kiatu. Akaangalia wamama wa kanisa, wakaangalia mbuzi. Kisha akafanya kitu sikutegemea. Akajiitikia mwenyewe. "Ghala kubwa," akasema, na sauti yake imezeeka, na spika ikaonyesha vile imezeeka, ikakwaruza, ikakatika. Hakufika kwa viazi. Akabaki ameshika maikrofoni na mikono miwili.

Gitobu akakohoa. "Mwalimu, tuendelee, mvua inakaribia."

Njoki akaanzisha ya mbuzi, ile ya mbuzi alikataa kuvuka mto, na wote wakaitikia hata wa Embu. Nelius akaketi. Nyaga, kwa vile hakuna mtu alimsaidia, alipita mara ya kwanza, akapita ya pili, akafunua leso moja na ilikuwa ni Joyline. Watu wakapiga kelele, "Mbuzi! Ongeza mbuzi!" Akafunua ya pili, na hapo ikawa Wawira. Alikuwa ameacha pindo. Alisimama na lile gauni lake, mabega nyuma, na hakuvuta nguo. Hakuvuta hata mara moja mpaka jioni.

Mimi nilingoja nisikie kitu. Nilikuwa nimefikiria hiyo siku karibu maisha yangu yote, nilifikiri nitapiga nduru ama nitalia. Nilikuwa nimeshika mwiko. Mvuke ya githeri ilikuwa inaniingia kwa macho. Hakukuja kitu. Nikaanza kupakua, wageni kwanza.

Watu wakiwa wanakula, Nelius alikuja mahali pa sufuria na sahani tupu. Alikuwa ametoa kofia.

"Ni wewe uliwaambia," akasema.

"Sikuambia mtu kitu."

"Basi mbona walinyamaza?"

"Uliza wao."

Akaangalia kule wamekaa, Njoki na wengine, wakicheka maneno yao. Hakuenda kuwauliza. Akanyoosha sahani, nikamwekea githeri kama nilivyowekea kila mtu, si nyingi si kidogo.

"Mama Mutwiri," akasema, "sisi ni wazee sasa. Hiyo kitu tuiache. Sema tu tumeiacha."

Nyuma yake watu wa Embu walikuwa wanangoja chakula.

"Sogea," nikamwambia, "unafunga njia."